Nilivua Moero Nikiwa Likasi

Sijawahi kushika wavu, lakini nimevua ziwa Moero katika miezi iliyofungwa.

Ziwa lile sisi Wakongo tunaligawana na Zambia. Wenzetu hufunga uvuvi tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wazae. Kwetu nako kufunga hutangazwa, ila walinzi ni wachache. Halafu Kisiwa cha Kilwa ni cha Zambia, na kiko karibu na ufuko wetu; mvuvi akipiga kasia usiku, yuko nchi nyingine kabla mikono haijachoka, na akirudi huku doria ya kule haiwezi kumfuata. Hayo yote niliyajua, nikayajengea biashara.

Kila Novemba nilituma pesa mapema kwa wavuvi wa Kilwa, mji wetu wa ufukoni na si kile kisiwa, nilipwe kwa samaki aina ya mpale, maana sikukuu zikikaribia bei hupanda sokoni Likasi. Kijana mmoja kati yao, aliyeniita mama, aliniomba nimngoje hadi Machi. Nikamjibu kwamba pesa yangu haina msimu. Akaingia majini. Doria ikamkuta ng'ambo, ikachukua nyavu na mtumbwi. Habari iliponifikia, nilichouliza kwanza ni deni langu. Nilimdai mpaka akauza baiskeli. Sheria ilimpata yeye peke yake; jina langu halikuandikwa popote.

Wala siwezi kusema sikuona. Mpale jike huatamia mayai kinywani. Siku moja nilikuwa naparua samaki waliotoka kwenye barafu, mayai ya manjano yakamwagika kutoka mdomoni, yakajaa kwenye beseni. Niliyamwaga, nikaendelea kupanga mafungu.

Na hadithi ya mpumbu, samaki mwingine wa ziwa hilo, nimekua nayo. Babu yangu alimla katika kambi ya mgodi, Likasi ikiitwa Jadotville. Mpumbu alipanda mto Luapula kwa makundi kwenda kuzaa, akawekewa nyavu njiani, akauzwa kulisha wafanyakazi wa migodi. Miaka ya 1950 ilipoanza, uvuvi wake ulikuwa umeshaanguka.

Yule kijana nimemrudishia pesa ya baiskeli; mtumbwi bado. Novemba iliyopita sikutuma kitu. Mteja akitaka mpale Januari namwambia ziwa limefungwa, achukue tomsoni, samaki wa baharini. Wengi wananipita, wanakwenda meza ya pili, kwa mama niliyemfundisha mwenyewe kutuma pesa mapema.