Kabla ya darubini kuelekea angani, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa

Mzazi mwenzangu, ukinunua darubini ya kompyuta, kitabu chake kitakuelekeza uanze kwa kusimamisha stendi mahali tambarare na penye giza. Kwa sisi wa Shinyanga na Geita kuna hatua inayotangulia hiyo, na hutaikuta kwenye kitabu cha kiwandani.

Yangu niliinunua kwa mgeni aliyemaliza mkataba wake Geita, ninakofanya kazi ya umeme. Ina kioo cha upana wa milimita 130, mota za kuigeuza, na rimoti yenye orodha ya maelfu ya nyota. Geita taa za mgodi haziruhusu giza, hivyo nikaipeleka nyumbani, nje ya mji wa Shinyanga upande wa Kolandoto, waliko mke wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi. Ikakaa kwenye boksi wiki tatu. Aliyeizuia ni mke wangu, na sababu haikuwa fedha.

"Baba, mtasimama nyuma ya nyumba usiku wa manane, na bomba jeusi linalojigeuza lenyewe, na taa nyekundu. Na mama yumo humu ndani. Watu watasema nini?"

Taa nyekundu ina kazi yake. Jicho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza, na mwanga mweupe wa simu unaifuta nusu saa hiyo kwa kufumba na kufumbua. Mwekundu hafifu haulisumbui sana. Lakini mama yangu amepita miaka sabini na macho yake ni mekundu, kwa moshi wa kuni na wa samadi kavu, kama ya wanawake wengi waliopikia maisha yao yote kwenye jiko lisilo na dirisha. Msomaji wa huku kwetu hahitaji maelezo marefu. Kuna vikongwe waliouawa Shinyanga na Geita kwa sababu ya rangi ya macho.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa kamanda wa sungusungu. Sungusungu walianzia pande zetu hizi, Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, na wazee wanakumbuka kwamba msako haukuishia kwa wezi. Ndiyo maana sikutaka wasikie habari ya bomba letu kutoka kwa mtu mwingine.

Tukaifungua Jumamosi moja ya Agosti, saa tisa alasiri, mbele ya nyumba, barabarani kabisa. Nyuma kuna giza zuri zaidi. Mbele kuna balbu ya jirani inayoniudhi mpaka leo. Nilichagua mbele na sitahama.

Kazi ya mchana ni kulinganisha kilengeo na bomba, na unahitaji kitu cha mbali. Tulichagua mnara wa simu. Mzee wa kwanza kuchungulia alirudi hatua mbili nyuma. "Mnara umesimama kwa kichwa!"

Kimya kilichofuata sikukipenda. Mama akaingia jikoni, akatoka na kijiko kinachong'aa, akampa yule mzee. Ukijitazama upande wa ndani wa kijiko, uso wako umepinduka. Ukikigeuza, unasimama wima. Kioo cha darubini hii kimebonyea kama ndani ya kijiko, na kazi yake ni kukusanya mwanga, juu iwe chini haijali. Kijiko kilizunguka mkono kwa mkono hadi magharibi. Sijui mama aliwaza wapi haraka vile.

Na mchana huohuo niliwaambia watoto wote, wa kwangu na wa majirani: jua haliangaliwi kwa darubini isiyo na kichujio maalumu mbele ya bomba. Linapofusha papo hapo, na mtoto hapati nafasi ya kulia. Jua linapokuwa juu, yetu ina mfuniko.

Jioni ikaja rimoti. Inataka kujua mambo matatu: uko wapi, tarehe gani, saa ngapi. Mahali tulipata kwenye simu: latitudo 3°40′ Kusini, longitudo 33°25′ Mashariki. Angalia sana hilo neno Kusini, maana nyingi hutoka kiwandani zikidhani upo Kaskazini. Tarehe huanza na mwezi, kwa mtindo wa Marekani. Kanda ya saa ni +3, na saa za majira ya joto unakataa, hatuna. Penye saa, kijana wangu wa kidato cha pili aliandika 02:00, kwa sababu ilikuwa saa mbili usiku. Mashine haijui Kiswahili. Ikatuletea nyota za saa nane usiku, ambazo nyingine zilikuwa hazijachomoza. Akaisahihisha 20:00 kabla sijafungua mdomo, akacheka mwenyewe.

Kisha unaionyesha nyota tatu kali zilizo mbalimbali. Tulichukua Vega kaskazini, Antares kusini na Altair mashariki. Altair asili yake ni Kiarabu, tai anayeruka, na ni ndugu wa neno letu tiara. Ukizileta nyota hizo katikati ya lenzi moja baada ya nyingine, mashine inakuwa imeshajua ilipo, na unaweza kuiomba chochote. Umeme wetu ni betri ya bodaboda, volti 12. Betri ndogo za tochi zinakwisha haraka kwa sababu ya mota.

Tochi nyekundu ilibaki. Mimi nilitaka ashike kijana. Mama akakataa. "Nishike mimi. Waone nimeshika." Akakaa kwenye kigoda karibu na barabara, anammulikia kila mgeni miguu asijikwae kwenye stendi. Mke wangu hakuafiki, na mimi kusema kweli sina hakika kwamba ningemruhusu kama angeniomba badala ya kuniambia.

Septemba 7, 2025, mwezi ulipatwa. Saa mbili na nusu usiku ulikuwa umefunikwa wote, ukawa mwekundu kama kaa, na ukabaki hivyo hadi karibu saa nne. Barabara ilijaa. Binti yangu wa darasa la tano alikuwa anawaeleza wenzake kwamba Dunia imeukinga mwezi na jua, na mwanga unaopita pembeni kwenye hewa yetu unafika mwekundu, kama wa machweo. Mama mmoja aliyefunga mtoto mgongoni akauliza kwa sauti kwa nini hasa mwekundu.

"Naye kapikia samadi," mama yangu akajibu kutoka kwenye kigoda, tochi mkononi.

Walicheka, kamanda wa sungusungu naye akacheka. Mimi nilichelewa kidogo.

Baadaye niliiomba mashine Zohali, iliyokuwa jirani na mwezi usiku ule. Mwaka huo pete zake zimetuelekea ubavu, zinaonekana kama uzi uliochomwa katikati ya tufe dogo; zitafunguka miaka ijayo. Foleni ilikuwa ndefu. Betri ilikufa saa tano kasoro, kamanda akiwa bado hajafikiwa. Amesema atarudi mwezi ukiwa mchanga.