Maumivu ya Miundi

Kijana mmoja wa Runyenjes, Embu, alitaka kuandikwa askari, naye alijua kuwa asiyeweza mbio huachwa. Basi kila alfajiri aliteremka mbio katika barabara ya lami iendayo Chuka na Meru, kisha akapanda tena. Juma la tatu miundi ikamwuma kama iliyopigwa rungu. Wenzake wakamwambia avumilie. Shauri baya hilo, maana mfupa usiopumzishwa huweza kupasuka. Daktari alimbonyeza, akaona uchungu umeenea muundi mzima, haukukaa mahali pamoja, basi haukuelekea kuwa ufa. Akamkataza mbio kwa majuma manne. Siku ya kuandikwa ikampita. Baadaye alianza kwa nyasi za uwanja wa shule, kidogo kidogo, na miteremko akaitembea. Mwaka uliofuata alikimbia hadi mwisho.