Darasa la Jozani na Ghuba ya Chwaka

Atokaye mjini Unguja kuelekea kusini-mashariki hufika Jozani baada ya kilomita zipatazo 35. Hapo ndipo vijana wanaosomea bayolojia vyuoni huletwa kwa mafunzo ya nyanjani, wengine wakitoka Marekani na Ulaya. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, imekusanya katika eneo la kilomita za mraba 50 msitu, mikoko na bahari.

Msituni yupo kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja tu. Mwanafunzi hukaa na daftari lake, akiandika kila baada ya dakika chache mnyama anakula nini. Kwa subira ya namna hiyo watafiti walibaini, katika miaka ya 1990, kuwa kima hawa hula mkaa, nao mkaa hunasa kemikali zenye madhara zilizomo katika majani ya mkungu na mwembe.

Upande wa Pete, njia ya mbao hupita juu ya matope ya mikoko. Mchu huchomoza mizizi yake juu ili ivute hewa. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda kama matao. Wanafunzi hutandaza kamba, hupima miraba, kisha huhesabu miche na mashimo ya kaa. Kazi hiyo haifuati saa ya ukutani. Hufuata maji, na maji hufuata mwezi: bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka. Mama mkulima wa mwani huyajua hayo bila ya kufungua kitabu, na mwanafunzi mwenye adabu humwuliza.

Hapa tuseme na wazazi. Wapo wanaomkatalia binti safari hizi, ilhali ni sehemu ya somo lake na zina alama katika mtihani. Hofu yao ina msingi, kwani mtoto ni amana. Lakini kabla ya kukataa, mzazi na akiulize chuo: Je, yupo mwalimu wa kike? Mabinti watalala wapi? Nafasi ya sala imepangwaje? Majibu yakiridhisha, amruhusu. Yasiporidhisha, adai yarekebishwe.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Leo mwani wa kotonii, wenye bei nzuri zaidi, unawafia katika maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto. Dawa ya tatizo hilo itatafutwa na mtu aliye tayari kusimama majini, apime na kuandika. Ni vyema awemo binti wa mkulima mwenyewe.