Nilipunguzwa kazi, nikajifunza kupunguza mbao

UKITAKA kujua majirani wanakuonaje, we baki nyumbani Jumatatu asubuhi, saa ambayo wanaume wenzako wanagombania daladala, halafu wakukute barazani umeshika kipande cha ubao, unakigonga kwa kidole na kukitegea sikio. Mimi yamenikuta. Uswahilini hakuna siri bwana. Kufika Ijumaa mtaa mzima ulikuwa umeshatoa jibu: jamaa kapunguzwa kazi, sasa na akili nayo inapungua.

La kupunguzwa kazi lilikuwa kweli. Ofisi niliyoitumikia miaka 6 kama karani wa hesabu ilitupunguza watu 14 kwa barua moja, majina yamepangwa vizuri kwa alfabeti. Sababu hatukuambiwa. Kiinua mgongo kilipotoka, kila mshikaji kijiweni akawa mshauri: nunua bodaboda, leta mitumba, fungua genge. Mimi nikaenda kwa mzee mmoja fundi magitaa, nikamwamkia, nikamwambia nataka kujifunza kutengeneza gitaa kavu, yaani lile lisilotumia umeme.

Mzee huyo amehudumia magitaa ya wanamuziki wa dansi tangu enzi zile kumbi zikijaa mpaka watu wanachungulia dirishani. Sasa macho yake yameingia ukungu, na wanawe hakuna hata mmoja aliyetaka kurithi kazi ya vumbi.

"Kupiga unajua?" akaniuliza.

"Kidogo Mzee. Nyimbo tatu."

"Na useremala?"

"Randa sijawahi kuishika."

Akacheka. "Afadhali. Seremala akija hapa, cha kwanza anatafuta misumari."

Nyumbani ilibidi tukae kikao. Mama watoto anakaanga vitumbua, na kusema ukweli ndivyo vilivyokuwa vinatuweka mjini. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba watoto, nakupa miezi minne. Siku ya kodi ya nyumba ikifika, gitaa liwe limelia au halijalia, unakwenda kutafuta kazi." Nikasema sawa. Ningesema nini?

Sasa tuingie kazini. Ukilitazama gitaa kwa haraka unaona sanduku lenye shingo. Kumbe karibu sauti yote inatoka kwenye ubao mmoja, ule wa mbele wenye tundu, ambao Mzee anauita uso. Na hili si neno la Mzee peke yake. Fundi wa Hispania, Antonio de Torres, ambaye ndiye aliyelipa gitaa la leo umbo lake, mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni karatasi ngumu, lakini uso wake ni mbao safi. Alitaka kuwaonyesha watu kwamba uso ukiwa sawa, gitaa litalia tu. Gitaa lenyewe limetunzwa kwenye makumbusho ya muziki kule Barcelona.

Uso wetu ulitoka kwenye tumbo la piano kuukuu iliyokufa zamani. Ndani ya piano kuna ubao mpana wa sprusi, mti wa nchi za baridi, jamii ya msonobari, mwepesi lakini mkakamavu. Tuliubandua, tukachagua vipande ambavyo mistari yake imenyooka na kusimama, tukaviunga. Mgongo na mbavu tukatumia mninga, shingo mkangazi. Ule ubao wa shingoni unaopita vidole ukawa kipande cha mpingo tulichonunua kwa mchonga vinyago. Ndio mpingo huuhuu wa Kilwa na Lindi ambao Ulaya wanatengenezea klarineti, mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama.

Basi bwana, mimi niliyepunguzwa kazini nikaanza kujifunza kupunguza mbao. Ubao wa piano ulikuwa na unene wa milimita 8, na Mzee aliutaka ufike milimita 2 na nusu. Si mchezo! Unapitisha randa, unapiga msasa, unampelekea Mzee. Macho hayamsaidii, kwa hiyo anaushika kwa viganja, anaukunja kidogo, anaugonga karibu na sikio, anakurudishia. "Bado." Unarudi benchi. "Bado." Siku tisa mfululizo nilisikia neno hilo moja.

Siku ya pili nilimuuliza kwa nini. Mzee akanieleza bila kunionea. Ubao mnene unameza sauti, nyuzi zinahangaika kuutikisa, unabaki kimya kama mlango. Ubao mwembamba kupita kiasi nao utabonyea, maana nyuzi sita za nailoni zikishakazwa zinavuta kwa pamoja kama mzigo wa karibu kilo 40. Ndiyo maana chini ya uso tuliganda fito saba nyembamba, zimetandazwa kama upepeo wa jikoni, mtindo uleule wa Torres. Fito zinasaidia uso kustahimili mvuto bila kuuziba mdomo.

Siku ya kumi nilipogonga, ubao ukaitika kama kengele ya mbali. Mzee akasema, "Tosha." Msomaji wangu, sikukwambia uongo nikisema nilitoka nje kidogo. Miaka 6 ofisini, barua ya kunipunguza haikuwa na hata mstari mmoja wa sababu. Hapa kila unyoya wa mbao ulioanguka chini ulikuwa na sababu yake, na mimi nilikuwa naijua.

Mbavu ndizo zilinitoa jasho la kweli. Unachukua bapa la mninga la milimita 2, unaliloweka, unaliweka juu ya bomba la chuma lenye moto wa mkaa ndani, unalisindikiza taratibu mpaka lilegee na kukunja kiuno. Ukilazimisha linakatika, ukizubaa linaungua. Mzee alikuwa anasimama pembeni akinusa. Harufu ikibadilika tu, ananiambia, "Sogeza."

Zamu yangu ilifika kwenye freti, zile chuma nyembamba zinazokatiza shingo. Hapo ni hesabu tupu. Urefu wa uzi unaolia ni milimita 650. Unagawanya kwa 17.817, unapata 36.5, hapo ndipo freti ya kwanza. Unachukua urefu uliobaki, unagawanya tena kwa namba ileile, unapata 34.4, freti ya pili. Unaendelea hivyo hivyo, na ukifika ya 12 lazima uangukie milimita 325, katikati kabisa. Freti ikikaa pembeni kidogo tu, gitaa litaimba uongo maisha yake yote. Mzee alikuwa haoni tena mistari ya rula. Akanikabidhi penseli. "Karani, hii ni yako." Tangu barua ile, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita karani nikajisikia vizuri.

Wakati huo kiinua mgongo kilikuwa kinayeyuka. Mzee, kunipa moyo, akanisimulia habari za Franco Luambo. Akiwa mtoto mdogo kule Kinshasa, alijitengenezea gitaa la kopo, nyuzi zake nyaya za umeme, akawa anapiga kwenye meza ya mama yake aliyekuwa anauza maandazi sokoni, na wateja wakaongezeka. Nikamfikishia mama watoto. Akajibu bila kugeuka, "Basi likiisha ulilete kwenye vitumbua."

Liliisha zikiwa zimebaki siku 11 kufika siku ya kodi. Tulifunga nyuzi jioni. Uzi wa juu ulipokaa sawa, Mzee akalikumbatia, akapiga polepole, akafumba yale macho yake. Hakunisifu. Alisema tu, "Linasikika mpaka mlangoni."

Kesho yake mwalimu wa kwaya alileta gitaa lake lililopasuka. Akalijaribu la kwangu, akasahau la kwake. Akauliza bei. Nikapata kigugumizi, nikamwambia arudi keshokutwa. Usiku ule nililichukua nyumbani, nikaliweka kitandani katikati yetu kama mtoto mchanga. Mama watoto akalitazama, akalipapasa mbavu, akaniuliza, "Ukiliuza, mikono inakwenda nalo?"

Nikaliuza. Lilitoa kodi ya miezi miwili, si sita. Iliyobaki tulimwomba mwenye nyumba atuvumilie, na vitumbua vikamalizia. Sasa hivi niko benchi ya Mzee, gitaa la tatu liko kwenye vibanio. Magitaa mabovu ya watu ndiyo yanayoleta unga, na kuna wiki mkwanja hauonekani kabisa. Mzee anasubiri zamu ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Mpaka hapo mimi ndiye ninayesoma rula, yeye ndiye anayesema bado.

Kwa hiyo kijana mwenzangu uliyepunguzwa, au ambaye hata hiyo kazi ya kupunguzwa hujaipata, sikwambii ukatengeneze gitaa. Nakwambia tazama mtaani kwako. Kuna mzee fundi viatu, fundi saa, fundi ngoma, ambaye wanawe wamemkimbia na macho yanamwacha. Nenda kamwamkie kabla hajafunga benchi. Uende na subira, na kama una mama watoto, kaeni kikao kwanza!

Tukutane wiki ijayo.