Ndege na Zizi: Maangamizi ya Dunia Yatazamwapo kutoka Bariadi

Mwaka 1893 msomaji wa London aliweza kufungua riwaya ya George Griffith iitwayo The Angel of the Revolution na kuiona dunia ikiteketezwa na merikebu za angani. Katika riwaya hiyo kundi la siri lenye kumiliki vyombo virukavyo linaingilia vita vikuu vya mataifa, linamimina mabomu juu ya majeshi na ngome, na hatimaye linaishurutisha dunia kukubali amani. Maficho ya kundi hilo, Aeria, yamewekwa katika bonde lililozingirwa na milima barani Afrika. Katika riwaya iliyofuata, Olga Romanoff (1894), nyota yenye mkia inaikumba dunia, na wanaosalimika ni waliokimbilia chini ya ardhi. Afrika, basi, imo katika bunilizi hizi za kisayansi. Lakini imo kama maficho. Maangamizi yanayosimuliwa ni ya wengine.

Msomaji aliyelelewa Bariadi, ambaye mababu zake walihesabu utajiri kwa mifugo, huzisoma kurasa hizo kwa jicho jingine. Swali humjia: katika miaka hiyohiyo, Usukumani kulikuwa na nini? Kulikuwa na mazizi matupu. Sotoka, iliyoingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, iliteremka kusini, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafagia makundi ya ng'ombe katika nchi za Ziwa Viktoria na nyika za Serengeti. Inakadiriwa kwamba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa. Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Austria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wakifa kwa njaa. Kwa mfugaji, ng'ombe ni maziwa ya mtoto, ni mahari, ni fidia, ni kifungo cha undugu. Zizi likiisha, dunia imekwisha. Hivyo basi, mwisho wa dunia, uliokuwa burudani ya jioni huko London, Usukumani ulikuwa habari ya jana. Nao haukushuka kutoka mawinguni, bali ulikuja kwa kwato.

Yafaa ikumbukwe kwamba merikebu ya angani iliyo halisi nayo ilipata kutumwa nchi hii. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo cha Kijerumani L 59, cha aina ya Zeppelin, kiliondoka Jamboli nchini Bulgaria kikiwa na tani zipatazo 15 za risasi, dawa na mahitaji mengine ya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Hakikukusudiwa kurudi: kingefika, kitambaa chake kingekatwa kuwa mahema. Kilipokuwa juu ya Sudan kiliamriwa kwa redio kugeuka, nacho kikatua Jamboli tarehe 25, baada ya kukaa hewani saa 95. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Vita havikumngoja ndege huyo wa nguo. Viliendelea juu ya mabega ya wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi, njaa na uchovu.

Hata ile imani kwamba aliye juu hafikiwi na aliye chini ilikuja kukanushwa jirani kabisa na Bariadi. Tarehe 29 Januari 2016 rubani Mwingereza, Roger Gower, alikuwa akiruka kwa helikopta juu ya Pori la Akiba la Maswa, katika msako wa majangili waliokuwa wameua tembo. Risasi iliyopigwa kutoka ardhini ikamwua. Tukio hilo chungu linathibitisha kwamba anga haijitengi na ardhi iliyo chini yake.

Kiswahili kimelihifadhi jambo hili katika neno moja. Ndege ni kiumbe, ndege ni chombo, na katika matumizi ya kale ndege ni fali. Maana mbili za kwanza hutenganishwa na upatanisho wa kisarufi: ndege ameruka, ndege imeruka. Maana ya tatu ni ya namna nyingine. Asemaye kwamba amekutana na ndege mbaya hamwelezi arukaye. Anaeleza hatima yake mwenyewe aliyesimama njiani. Fali ni mali ya anayetazama. Ni maana hiyo ya tatu iliyowaponyoka watunzi wa riwaya za merikebu za angani, kwa kuwa macho yao yalikaa ndani ya chombo, yakitazama chini.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ng'ambo ya Ghuba ya Speke, alichagua upande wa pili. Katika Mzingile (1991) msimulizi anatembea kwa miguu katika dunia iliyokwisha kuteketezwa. Hapo maangamizi yanapimwa kwa hatua za aliyebaki, wala si kwa kimo cha aliyeangamiza.

Kuna kisa kingine ambacho bado kinamngoja mwandishi wa Kiswahili. Sotoka haipo tena: mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani kote. Chanjo iliyosaidia sana kuimaliza ilitokana na kazi ya Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya, na ilifikishwa kwa ng'ombe kundi kwa kundi, zizi kwa zizi. Hiyo nayo ni hadithi ya sayansi na ya dunia iliyokaribia kwisha, na mashujaa wake walikuja na sindano, viatu vyao vikiwa na vumbi. Mwanafunzi wa uzamili atafutaye chimbuko la bunilizi ya kisayansi ya Kiswahili atafanya vema kuanzia mlangoni mwa zizi.