Imani ya Babu na Wosia wa Kibanja

Katika mazishi ya wazee wetu, ndoa iliyodumu husifiwa kwa neno moja: uvumilivu. Bibi yangu mzaa baba, aliyezikwa Kihanga, wilayani Karagwe, alisifiwa hivyo pia. Naheshimu nia njema ya wasemaji, ila kwa ndoa ile neno hilo halikutosha. Kuvumilia ni kustahimili maumivu; nilichokiona kwa wazee wale kilikuwa haki iliyotendwa ndani ya nyumba, kila siku.

Walifunga ndoa ya kanisani mwaka 1957, wakaanza maisha kwenye kibanja cha migomba na mibuni. Bibi alipanda maharage chini ya migomba, akatandaza nyasi kuhifadhi udongo, akachuma na kuanika kahawa. Babu ndiye aliyeipeleka chamani. Kwa mazoea ya wakati ule kahawa ilikuwa zao la mwanamume, na fedha zake zilikaa mfukoni mwa mwanamume. Kwa babu zilihesabiwa juu ya mkeka, wote wawili wakiwapo, sadaka ikitengwa kwanza, kisha ada za shule. Wenzake walimcheka. Hakubadilika.

Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri nchini yaliungana na kuunda KKKT, kanisa ambalo babu alilitumikia akiwa mzee wa usharika. Mwaka huohuo serikali ilichapisha Tangazo Na. 436, lililoziweka sheria za kimila katika maandishi. Kanuni zake za urithi zinasema kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa hiyo Mkristo aliyeapa madhabahuni kwamba yeye na mkewe ni mwili mmoja aliweza kufa, na nusu ya mwili huo ikabaki mgeni katika kibanja ilichokilima.

Mkoa wetu wa Kagera una nafasi ya pekee katika historia hii. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua shauri la Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza, na ndugu wa ukoo akapinga. Jaji alitamka kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, huku ikimruhusu mwanamume, inakiuka Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikabatilisha mila zinazomnyima mwanamke umiliki wa ardhi.

Babu hakuwa msomi wa sheria. Alisoma Biblia, na humo alielewa kwamba mume ampendaye mkewe kama mwili wake hawezi kumwacha bila mahali pa kusimama. Aliwaita watoto na wazee wa ukoo, akaandika wosia mbele yao: kibanja ni cha mke wake. Wapo walioona kwamba anajitabiria kifo. Kuandika wosia si uchuro, aliwaambia.

Alifariki mwaka 2011. Matanga hayajaisha, baadhi ya ndugu walianza kuulizia mipaka ya shamba. Wosia ukasomwa, maswali yakaisha. Bibi aliishi pale miaka kumi na miwili zaidi, akivuna kahawa yake na kutoa sadaka yake. Kila alfajiri alimshukuru Mungu kwa ajili ya mumewe, naye alishukuru akiwa kwake, bila kutegemea hisani ya mtu.

Wajane wengi hawana karatasi kama ile. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, katika shauri la wajane wawili, ilikiri kwamba kanuni zile za urithi ni za kibaguzi, lakini ilikataa kuzifuta. Basi, mtumishi wa umma unayepokea maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila, uliza jina la mke liko wapi. Mchungaji unayefundisha wachumba, fundisha na wosia. Nawe mwanafunzi, ukienda likizo, muulize baba yako swali hilo kwa adabu.

Babu namkumbuka kwa upendo ulioendelea kumlinda bibi hata baada ya yeye kunyamaza.