Nani Alibisha Hodi Usiku?

Wasee, kuna amri moja ya korti ya 2017 ambayo watu wengi mtaani wamesahau. Agosti 28, Mahakama ya Juu iliambia IEBC iache pande za kesi zisome, bila kugusa kitu, rekodi za walioingia kwenye seva zake. Watumiaji na vifaa. Yaani nani aliingia, na kwa mashine gani. Hizo ndizo logi, na leo naongelea hizo tu.

Raila alikuwa amesema wadukuzi walitumia akaunti ya Chris Msando, yule meneja wa teknolojia wa IEBC aliyeuawa siku chache kabla ya kura. Marehemu Chebukati akasema jaribio la kudukua lilikuwepo ila lilifeli. Poa. Lakini jaribio lililofeli huacha alama: saa, jina, mashine. Si mtuonyeshe? Wataalamu wa korti hawakufunguliwa kila kitu, na Septemba 1 kura ikafutwa. Tukarudia Oktoba 26, na kesho yake Kawangware ikawaka. Mimi nilikuwa darasa la nane, KCPE ni Jumanne, na tunalala sakafuni tukisikia vibanda vikichomwa. Kibera pia ilikuwa noma msimu huo. Kwa hivyo mtu akiniambia logi ni mambo ya magiki, namwangalia tu.

Campus niliacha mwaka wa pili, karo. Hii kazi nimeifunzwa na kompyuta za saiba.

Mwaka jana mathe mmoja mwenye saiba Kibera, upande wa Makina, alitaka kufukuza kijana wake wa kaunta. Akaunti ya kompyuta kubwa, yenye mafaili ya wateja, ilikuwa inajifunga kila asubuhi. Kijana ndiye hubaki na funguo usiku, so kwake kesi ilikuwa imeisha. "Huyu anajaribu paswadi yangu nikienda," akaniambia. Nikamwambia, "Mathe, ngoja kwanza tuangalie."

Kwa Windows unafungua Event Viewer, unaenda Security, unachuja namba 4625. Hiyo ndiyo kuingia kulikofeli. Ndani yake soma jina la akaunti, jina la mashine, anwani ya IP, halafu aina ya kuingia. Aina ya 2 ni mtu aliyeketi hapo kwa kibodi. 3 imepitia mtandao. 10 ni mtu wa mbali anayeendesha skrini yako.

Tulipata mamia. Zote aina ya 3, zote mashine moja ya pale dirishani, kila dakika 15 mpaka alfajiri. Sasa niambie, ni binadamu gani anakosea paswadi kwa ratiba hivyo? Hiyo mashine ndiyo ya kuskani, na hutuma mafaili kwa kompyuta kubwa. Mathe alikuwa amebadilisha paswadi. Mashine ikabaki na ile ya zamani na kuendelea kubisha hodi. Tukafuta paswadi ya kale, tukaweka mpya, dakika mbili. Kijana bado yuko kaunta. Pole hakuambiwa, ila siku hiyo alinunuliwa chapo madondo.

Ukijaribu kwako, hakikisha kwanza Windows imewekwa irekodi zilizofeli. Nakili logi mapema, kwa sababu ikijaa inaandika juu ya zile za zamani. Anwani za IP za saiba hubadilika, so linganisha na saa. Na jina la mashine mtu anaweza kudanganya.

Halafu usiishie kwa 4625. Septemba hiyo ya 2017 ilivuja memo ambayo Chebukati anauliza kuhusu akaunti yenye jina lake, iliyofanya miamala 9,934 bila yeye kujua. Mtu wa aina hiyo habishi hodi, ana ufunguo. Yeye mtafute kwa 4624, kuingia kulikokubaliwa, hasa ile moja inayokuja baada ya 4625 nyingi mfululizo, saa ambayo duka limefungwa.